Mtoto haoni ubaoni: jicho lililorefuka na kinachoweza kufanyika

Jicho la mtoto mchanga lina urefu wa milimita 16 hadi 17 kutoka mbele hadi nyuma. Akifika utu uzima linakuwa na milimita 23 hadi 24. Katika kukua huko, ukuta wa nyuma uliotandikwa retina (utando unaopokea mwanga) unatakiwa ukae pale pale miale ya mwanga inapokutana baada ya kupindwa na konea (kioo cha mbele cha jicho) na lenzi. Watoto wengi huzaliwa na jicho fupi kidogo, nalo hurefuka taratibu mpaka likalingana na nguvu ya lenzi yake, kisha likatulia. Mayopia, yaani kuona vizuri vya karibu na kutoona vya mbali, mara nyingi hutokea jicho lisipotulia. Linapitiliza, miale inakutana kabla ya kufika kwenye retina, na kinachofika huko ni picha yenye ukungu. Milimita moja tu ya ziada inampa mtoto namba ya miwani ya kati ya −2.5 na −3.

Ukilishika jambo hilo moja, mengi yanayobishaniwa kuhusu macho ya watoto yanajijibu. Jicho lililorefuka halifupiki, si kwa mazoezi, si kwa karoti, si kwa kuvua miwani ili "macho yasizoee". Kwa hiyo kuna kazi mbili tofauti ambazo wazazi huzichanganya kila siku. Ya kwanza ni kumwezesha mtoto aone leo, na hiyo ni kazi ya miwani. Ya pili ni kuchelewesha jicho lisianze kupitiliza, au likishaanza lisiende mbio. Miwani ya kawaida haifanyi kazi ya pili, na kucheza nje hakufanyi ya kwanza.

Namba na ubao

Namba ya miwani hupimwa kwa dayopta. Chukua 100 ugawe kwa namba hiyo: jibu ni sentimita ambazo mtoto anaona sawasawa bila miwani, na zaidi ya hapo ukungu unaanza. Mwenye −1 anaishia mita moja. Mwenye −2 anaishia sentimita 50. Mwenye −4 anaishia sentimita 25, pungufu kidogo ya rula ya sentimita 30. Ndiyo maana mtoto wa −2 anasoma kitabu bila shida na anatunga uzi kwenye sindano, na mama yake anaapa kwamba macho ya mwanawe ni mazima.

Sasa mpeleke darasani. Mtu mwenye uoni kamili wa 6/6 anatambua herufi ya urefu wa milimita 8.7 akiwa mita 6. Mwenye −2 bila miwani mara nyingi uoni wake umeshuka hadi kukaribia 6/60, maana yake kwa umbali huo huo anahitaji herufi kubwa mara kumi, milimita 87. Mwalimu anayeandika herufi za sentimita 4 anamlazimisha mtoto huyo asogee hadi chini kidogo ya mita 2.8 kutoka ubaoni ili aambulie kitu. Dawati la mbele litamfaa mwenye −1. Mwenye −3 hata hapo mbele atakuwa anakisia. Kumhamisha mtoto dawati ni msaada wa wiki mbili wakati miwani inatafutwa, lisiwe suluhisho la mwaka mzima. (Na ubao uliochakaa ukawa wa kijivu unawanyima hata wenye macho mazima. Kopo la rangi ya ubao ni sehemu ya afya ya macho ya shule.)

Mtoto mwenyewe halalamiki. Hajawahi kuona majani ya mwembe moja moja kutoka barabarani, kwa hiyo hajui kwamba wengine wanayaona. Kinachoonekana ni tabia: anafinya macho akitazama mbali, ananakili kwenye daftari la jirani badala ya ubaoni, anaenda mbele ya ubao akijifanya ananoa penseli, anakaa puani mwa televisheni, anapita bila kumsalimia mjomba aliye ng'ambo ya barabara. Huyo wa mwisho huchapwa kwa kukosa adabu.

Kwa nini jicho linapitiliza

Kurithi kupo. Mtoto ambaye mzazi wake mmoja ana mayopia yuko kwenye hatari kubwa zaidi ya yule ambaye wazazi wake hawana, na wazazi wote wawili wakiwa nayo hatari inapanda tena. Lakini damu peke yake haielezi kilichotokea Asia Mashariki na Kusini-Mashariki, ambako katika miji ya Singapore, Taiwan, Korea Kusini na China vijana 80 hadi 90 kati ya 100 wanamaliza sekondari wakiwa na mayopia. Vizazi viwili au vitatu ni muda mfupi mno kwa urithi kubadilika kiasi hicho. Maisha ndiyo yaliyobadilika.

Ushahidi unaoonyesha hivyo vizuri ni ulinganisho uliochapishwa mwaka 2008 wa watoto wa asili ya Kichina wenye miaka 6 na 7, kundi moja likiishi Sydney na jingine Singapore. Kule Sydney wenye mayopia walikuwa asilimia 3.3, Singapore asilimia 29.1. Watoto wa Sydney walisoma vitabu vingi kuliko wa Singapore. Tofauti kubwa ilikuwa saa za kuwa nje: karibu saa 14 kwa wiki Sydney, saa 3 tu Singapore.

Maelezo yanayokubalika zaidi ni mwanga. Nje kwenye jua kuna laksi (kipimo cha ukali wa mwanga) zinazoweza kufika 100,000, na hata kivulini mwa mti ni maelfu. Darasa lenye taa nzuri lina 300 hadi 500, na madarasa mengi yetu yenye madirisha madogo hayafiki hapo. Retina ikipata mwanga mkali hutoa kemikali iitwayo dopamini, nayo inaelekea kuliambia jicho lipunguze kukua. Hivyo si mchezo wenyewe unaolinda. Mtoto anayekaa chini ya mwembe akisikiliza hadithi anapata kinga, na anayecheza mpira ndani ya ukumbi haipati. Kofia haina ubaya. Kulikodolea jua macho, hapana kabisa: kunaunguza retina.

Hili limejaribiwa, si nadharia tu. Huko Guangzhou, China, shule 12 za msingi zilishirikishwa. Nusu ziliongezewa dakika 40 za kuwa nje kila siku ya shule kuanzia darasa la kwanza. Baada ya miaka mitatu, waliopata mayopia katika shule hizo walikuwa asilimia 30.4, na katika shule zilizoachwa na ratiba ya kawaida asilimia 39.5. Matokeo yalichapishwa mwaka 2015. Taiwan ilikwenda mbali zaidi: tangu mwaka 2010 inazihimiza shule za msingi kuwatoa watoto nje dakika 120 kwa siku, na mstari wa watoto wenye uoni hafifu, uliokuwa ukipanda mwaka hadi mwaka, ukaanza kushuka.

Kazi ya karibu nayo inahesabika, hasa ya mfululizo na ya karibu mno: zaidi ya dakika 30 bila kupumzika, chini ya sentimita 30. Kusoma kwenye kibatari hakuharibu jicho moja kwa moja, ila kunamfanya mtoto aulete ukurasa puani. Kipimo rahisi cha umbali kiko mwilini mwake: kiwiko mezani, ngumi chini ya kidevu. Hapo kiwiko kilipo ndipo kitabu kikae. Simu ina ubaya zaidi ya kitabu kwa sababu maandishi yake ni madogo na mkono huisogeza bila mtu kujijua. Miwani ya kuzuia mwanga wa buluu, inayouzwa kwa mbwembwe, haizuii mayopia.

Kwa upande wetu hali bado ni afadhali. Kwa Afrika kwa jumla makadirio ni kama mtoto mmoja kati ya 20. Utafiti wa mjini Mwanza uliochapishwa mwaka 2002 ulikuta mayopia kwa karibu asilimia 6 ya wanafunzi wa sekondari waliopimwa, na kati ya wote waliohitaji miwani, chini ya theluthi moja ndio waliokuwa nayo. Kwa darasa la watoto 60, tegemea watatu au wanne. Tatizo letu la leo, basi, ni hao watatu au wanne kutogunduliwa. La kesho linaonekana kwenye basi la shule: mtoto anayetoka nyumbani alfajiri, akashinda darasani, akapitia twisheni na kurudi giza limeingia, kisha akapewa simu ili atulie, anaishi kama mtoto wa Singapore bila huduma za macho za Singapore.

Kupima shuleni bila kudanganywa

Upimaji wa mwanzo hauhitaji daktari. Mwalimu aliyeelekezwa anaweza kuufanya kwa chati ya E, ile yenye herufi E iliyogeuzwa pande nne, ambayo mtoto anaonyesha kwa vidole mikono ya E imeelekea wapi. Haimtaki ajue kusoma. Mstari unaotumika sana kuchuja ni 6/12, ambao kwenye chati ya mita 6 E yake ina urefu wa milimita 17.5. Chukua rula uipime kabla ya kuanza, kwa sababu chati zilizotolewa nakala au kuchapwa kutoka kwenye kompyuta mara nyingi hupungua ukubwa. Ziko pia chati za mita 3, na kosa la kawaida ni kuitumia chati ya mita 3 kwa mita 6. Ukifanya hivyo, watafeli hata wasiostahili.

Pima umbali kwa kamba, si kwa hatua. Chora mstari wa chaki sakafuni, visigino vya mtoto viguse mstari. Chati iwe usawa wa macho yake, mwanga uiangukie kwa mbele. Ukiitundika kando ya dirisha lenye jua, mng'ao utamtia mtoto ukungu asionao. Mwonyeshe kwanza kwa karibu jinsi ya kujibu, maana wengi wanaofeli hawakuelewa swali. Kisha pima jicho moja moja, la kulia kwanza kwa wote ili usichanganye kumbukumbu. Jicho jingine lifunikwe kwa kiganja kilichokunjwa kidogo kama kikombe, bila kulibonyeza, kwani jicho lililobonyezwa huona ukungu kwa muda na zamu yake ikifika litafeli bure. Akijibu sawa E 4 kati ya 5 za mstari huo, amepita.

Sasa udanganyifu, ambao mara nyingi si wa makusudi. Mtoto anachungulia kati ya vidole. Walio kwenye foleni wanasikia au kuona majibu na kuyakariri, kwa hiyo foleni ikae nje ya mlango na chati igeuzwe mara kwa mara. Na kubwa kuliko yote, anafinya macho. Kope zikikaribiana zinaacha mwanya mwembamba unaokata miale inayotawanyika, na picha inatakata. Mwenye −1 anaweza kupita mstari wa 6/12 kwa kufinya tu. Mwambie afumbue macho, na umtazame yeye usoni badala ya kuitazama chati.

Kanuni hiyo hiyo inakupa kipimo cha pili cha bure. Toboa kipande cha boksi gumu kwa ncha ya bikari, tundu la milimita 1 hivi. Mtoto aliyefeli achungulie chati kupitia tundu hilo. Uoni ukiboreka wazi, shida yake kwa kawaida ni ya kupinda kwa mwanga, na miwani itamfaa. Usipoboreka, huenda kuna kovu, mtoto wa jicho, au ugonjwa wa retina, na rufaa yake iwe ya haraka zaidi. Kipimo hiki hakitoi namba ya miwani, na asitokee muuzaji wa kumwambia mzazi kwamba kinatoa.

Baada ya hapo ndipo mambo mengi yanapofia, kati ya shule na hospitali. Karatasi ya rufaa inalala kwenye begi. Katika kaunti ya Trans Nzoia, Kenya, shule 50 ziliingizwa kwenye jaribio lililochapishwa mwaka 2018. Kundi moja lilipimwa kwa simu yenye programu ya Peek, wazazi wakapewa picha inayoonyesha mtoto wao anavyouona ubao, kisha wakakumbushwa kwa meseji. Asilimia 54 ya watoto waliopewa rufaa walifika hospitali. Katika kundi la utaratibu wa kawaida walifika asilimia 22. Kilichovuta wazazi kwa vyovyote si simu tu. Kuuona ukungu wenyewe na kukumbushwa vina nguvu kuliko karatasi, na hilo shule isiyo na programu yoyote inaweza kuliiga.

Kliniki ya macho na karatasi ya namba

Misuli ya lenzi ya mtoto ina nguvu nyingi. Akitazama ndani ya mashine ya kupimia, huivuta bila kujua, na mashine inatoa namba ya minus kubwa kuliko ukweli, wakati mwingine hata kwa asiye na mayopia kabisa. Ndiyo sababu mtoto anatiwa matone ya kuilegeza misuli hiyo, mengi huwa saiklopentoleti ya asilimia 1: tone, dakika chache baadaye tone jingine, kisha kusubiri dakika 30 hadi 45. Yanawasha kidogo. Mboni hutanuka, jua linaumiza, na kusoma kunakuwa kwa tabu hadi siku ya pili, kwa hiyo usimpeleke kesho yake ikiwa mtihani. Mahali panapompa mtoto miwani ya kwanza kwa dakika tano, kwa mashine peke yake, uliza kuhusu matone.

Karatasi itasomeka hivi: OD −1.75 / −0.50 × 180, OS −2.25; PD 54. OD ni jicho la kulia, OS la kushoto. Namba ya kwanza ndiyo mayopia. Ya pili ni astigimatizimu, konea isiyo duara sawasawa, na nyuzi zinazofuata ni mwelekeo wake. PD ni milimita kati ya mboni mbili, na ikikosewa, katikati ya lenzi haikai mbele ya mboni, kichwa kinauma. Ukichukua miwani, ishike mbali na macho yako utazame maandishi kupitia lenzi: yaonekane madogo, na ukiisogeza kulia nayo yasogee kulia. Yakiwa makubwa na kukimbilia upande wa pili, mtengenezaji ameweka plus badala ya minus. Kosa hilo hutokea.

Lenzi iwe ya plastiki, ya polikaboneti ikipatikana, kwa sababu kioo cha kawaida kikivunjika usoni kwa mpira hakina msamaha. Fremu isiteleze puani. Siku za kwanza sakafu itaonekana kama imepinda na vitu kuwa vidogo. Wiki moja inatosha kuzoea, na zikipita mbili bado anaumwa kichwa, arudi.

Mwenye −0.75 anaweza kuivaa darasani tu. Kuanzia −1.5 hivi aivae kutwa nzima. Kumpa kwa makusudi namba pungufu ili "macho yafanye kazi" lilikuwa wazo la heshima hadi lilipojaribiwa nchini Malaysia: watoto waliopunguziwa dayopta 0.75 waliongezeka mayopia kwa kasi kuliko waliopewa namba kamili. Utafiti huo ulichapishwa mwaka 2002, na bado ushauri huo wa kale unasikika madukani.

Bei nayo inaamua. Jijini Dar es Salaam wanafunzi wa sekondari waliokutwa na tatizo waligawanywa: wengine wakapewa miwani bure, wengine karatasi ya namba wakanunue. Baada ya miezi mitatu, asilimia 47 ya kundi la kwanza walikuwa wameivaa au wanayo shuleni, na asilimia 26 ya kundi la pili. Tazama hiyo 47 tena. Hata ya bure, zaidi ya nusu hawakuwa nayo. Kutaniwa "babu" na "macho manne" ni sababu ambayo mwalimu wa darasa pekee anaweza kuiondoa, na mtoto akichagua fremu mwenyewe huivaa zaidi.

Kupunguza kasi

Mayopia iliyoanza darasa la pili ina miaka mingi ya kupanda mbele yake, kwa kasi ya karibu nusu dayopta kwa mwaka au zaidi, hadi itulie ujanani. Iliyoanza kidato cha pili haina muda huo. Hofu iko kwenye −6 na kuendelea, ambako retina iliyovutika hukonda na kuweza kuchanika au kubanduka, na glakoma (ugonjwa unaoharibu mshipa wa fahamu wa jicho) huongezeka. Kuwa nje, ambako kunachelewesha mwanzo vizuri, kuna nguvu ndogo zaidi kwa jicho lililokwisha kuanza. Kwa huyo yapo matone ya atropini hafifu ya asilimia 0.01 hadi 0.05, ambapo majaribio ya Hong Kong yalionyesha 0.05 ikifanya kazi kuliko 0.01, na zipo lenzi maalumu za miwani na za kuvaa juu ya jicho. Hakuna inayosimamisha kabisa. Atropini ya asilimia 1 iliyoko hospitalini si ya kuchanganywa na maji nyumbani.

Mambo machache yasipewe jina la mayopia. Ukungu ulioingia ndani ya siku chache, mtoto akawa anakunywa maji mengi na kukojoa sana, ni wa kupima sukari siku hiyo hiyo. Namba inayoruka kila miezi michache kwa mtoto mwenye mzio anayesugua macho kutwa inaweza kuwa konea inayochongoka, na kusugua huko kunaweza kuichongoa zaidi. Mboni nyeupe haingojei zamu. Kutoona usiku mara nyingi ni suala la vitamini A, na hapo karoti na mchicha vina kazi. Jicho moja likiwa dhaifu mno kuliko jingine, lirekebishwe mapema, vizuri kabla ya miaka 7 au 8, la sivyo ubongo unalizoea jicho dhaifu kuwa halina kazi.

Mtoto mwenye miwani apimwe upya kila miezi 6 hadi 12. Ya zamani isitupwe, ni akiba siku mpya ikivunjika. Lenzi ioshwe kwa maji na tone la sabuni ya vyombo kabla ya kufutwa, kwani vumbi kavu likisuguliwa kwa shati linachuna plastiki. Na wadogo zake wapelekwe kliniki siku hiyo hiyo, kwa sababu nauli ni ile ile.